Akiba Mbili Katika Ardhi Moja: Choroa, Falaji na Mafuta Nchini Oman kwa Jicho la Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza Oman, nchi inayouza mafuta nje tangu mwaka 1967, ili kueleza jinsi hifadhi ya mazingira inavyosimama au kuanguka pale ardhi inayohifadhiwa inapokuwa na mafuta chini yake. Kiini cha mjadala ni Hifadhi ya Choroa wa Uarabuni, eneo la kwanza duniani kuondolewa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mfano huo unalinganishwa na falaji, mifereji ya asili ya maji ambayo ulinzi wake una vipimo na wenyewe. Makala yanadai kwamba istilahi za Kiswahili zinazotumika katika sera za mazingira, hususan akiba na endelevu, hazibainishi ni kitu gani kinachotakiwa kubaki, na kwamba pengo hilo lina madhara katika nyaraka za miradi ya mafuta inayoendelea sasa katika ukanda wetu.

Utangulizi

Katika Kiswahili cha sheria na sera, neno akiba linabeba mizigo miwili. Tunasema akiba ya mafuta tukimaanisha kiasi kilichomo ardhini, kilichopimwa na kinachongoja kutolewa. Tunasema pia pori la akiba tukimaanisha ardhi iliyotengwa ili wanyama na mimea yake ibaki. Akiba ya kwanza hupata thamani siku inapotolewa. Ya pili hupoteza thamani siku hiyohiyo. Maadamu akiba hizi mbili zinakaa mbalimbali, utata wa neno hauna madhara. Tatizo huanza zinapolaliana, moja juu ya ardhi na nyingine chini yake.

Jambo hilo limetokea Oman kwa uwazi ambao haujaonekana katika nchi nyingi. Aidha, Oman si nchi ya mbali kwa mtafiti wa Kiswahili. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said alipoingia madarakani, Waomani wengi waliokuwa wakiishi Zanzibar, bara, Burundi, Rwanda na Kongo walirejea huko, na wengi wao, kwa kuwa walikuwa wamesoma, walipata kazi serikalini na katika sekta ya mafuta. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosikika katika ofisi za Muscat wakati dola ya kisasa ikijengwa kwa fedha za mafuta. Isitoshe, msamiati wetu wa ulinzi na udumifu umetoka kwa sehemu kubwa katika Kiarabu, hivyo kuulinganisha na matumizi yake huko si kupoteza njia.

Choroa wa Jidda al-Harasis

Jidda al-Harasis ni uwanda wa mawe ya chokaa katikati ya Oman. Hauna mto wala chemchemi. Unyevu wake mwingi hutokana na ukungu unaotoka Bahari ya Arabu usiku na kuacha umande juu ya vichaka na mishita. Humo waliishi Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia ambao kwa vizazi vingi walitegemea maziwa mahali pa maji, na humo walikula umande choroa weupe, ambao Waarabu huwaita al-maha. Mwaka 1972 choroa wa mwisho wa porini waliuawa na wawindaji wenye magari. Kuanzia hapo, mnyama huyo alibaki katika bustani za wanyama na mazizi ya watu binafsi tu.

Kilichofuata ni moja ya kazi za uhifadhi zilizosifiwa sana katika karne ya 20. Tangu mwaka 1962 kundi la akiba (neno letu tena) lilikuwa limeanza kukusanywa na hatimaye kutunzwa huko Phoenix, Arizona. Mwaka 1980 choroa wa kwanza waliletwa Jaaluni, ndani ya Jidda, na mwaka 1982 wakafunguliwa lango. Walinzi wao walikuwa Waharasis wenyewe, walioujua uwanda huo kichaka kwa kichaka. Mwaka 1994 hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 27,500 iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Pamoja na choroa ilikuwa makazi ya swala wa Uarabuni, simbamangu, nyegere na tandawala wa jangwani. Kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa 450.

Kisha mambo yakageuka. Majangili walianza kuwakamata choroa wakiwa hai, hasa majike na ndama, ili kuwauza kwa watu waliotaka kuwafuga majumbani mwao nje ya nchi. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki 65, na madume na majike waliokuwa wakizaana hawakuzidi jozi nne hivi. Mwaka huohuo serikali ilipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na ikawa na mpango wa kuendelea na utafutaji wa mafuta na gesi katika ardhi iliyoachwa nje. Mwezi Juni, katika kikao chake cha Christchurch, New Zealand, Kamati ya Urithi wa Dunia ililifuta eneo hilo katika orodha. Lilikuwa tukio la kwanza la namna hiyo tangu mkataba wa urithi wa dunia ulipopitishwa mwaka 1972.

Ni rahisi kulisimulia tukio hili kama hadithi ya mafuta yaliyoua wanyama. Haikuwa hivyo. Kamati yenyewe ilitaja ujangili na kuharibika kwa makazi kuwa chanzo cha kupungua kwa choroa. Aidha, historia ya mafuta na wakazi wa Jidda ina sura nyingine: mnamo miaka ya 1950 ni watafutaji wa mafuta waliochimba kisima cha maji huko Haima kwa ajili ya kazi zao, na Waharasis wakapata maji ya kudumu kwa mara ya kwanza katika uwanda huo. Mwanaanthropolojia Dawn Chatty, aliyefanya kazi nao kwa muda mrefu, ameandika kwa kina jinsi kampuni za mafuta na mradi wa choroa ulivyokuja kuwa wageni wawili wenye nguvu katika malisho yaleyale, kila mmoja akiajiri baadhi ya vijana wao na kila mmoja akiwa na ramani yake.

Kinachostahili kuzingatiwa ni mfuatano wa mambo. Uzalishaji wa mafuta wa Oman, uliokuwa karibu mapipa 960,000 kwa siku mwaka 2001, ulikuwa umeshuka hadi takriban 710,000 mwaka 2007. Visima vilikuwa vinazeeka na nchi ilihitaji vitalu vipya. Katika muongo uleule choroa nao walikuwa wamepungua. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo palipokuwa na udhaifu: hifadhi nzima ilikuwa imehalalishwa kwa mnyama mmoja, hivyo mnyama huyo alipopungua, hoja ya kuishikilia ardhi yote ilipungua pamoja naye. Swala, nyegere, umande na malisho ya Waharasis havikuwa na uzito wa kutosha katika mizani. Mpaka uliochorwa kwa uamuzi wa serikali ulisogezwa kwa uamuzi wa serikali, na hakuna aliyelazimika kuulizwa kabla.

Choroa hawakupotea. Mwaka 2011 shirika la IUCN liliwatoa katika kundi la walio hatarini kutoweka na kuwaweka katika daraja nafuu zaidi, kwa kuwa idadi yao katika nchi mbalimbali za Uarabuni ilikuwa imeongezeka. Nchini Oman leo wapo mamia ndani ya uzio wa eneo linaloitwa sasa Hifadhi ya Wanyamapori ya al-Wusta. Mnyama amebaki, ila si katika uwanda wazi aliorudishiwa mwaka 1982. Mtu akiuliza kama uhifadhi huo umekuwa endelevu, jibu linategemea kabisa kitu anachokihesabu.

Mtafiti wa lugha ana jambo jingine la kuhesabu. Waharasis wana lugha yao, Kiharsusi, ambayo si lahaja ya Kiarabu bali ni ndugu ya Kimehri na lugha nyingine za kale za kusini mwa Uarabuni. T. M. Johnstone alichapisha kamusi yake mwaka 1977. UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini, na wasemaji wake ni wachache mno. Maarifa ya mimea na malisho ya Jidda yamo ndani ya lugha hiyo, na kijana anayehamia kazi ya mshahara kambini huhamia pia Kiarabu na Kiingereza. Hakuna nyaraka za hifadhi wala za mafuta zilizoiweka lugha hii katika orodha ya vitu vya kuhifadhiwa.

Akiba, himaya na endelevu

Kiarabu hakina utata wa akiba tuliouona mwanzoni. Akiba ya mafuta huitwa kwa neno la asili moja na ihtiyati, yaani tahadhari. Hifadhi ya wanyama huitwa mahmiya, neno lenye mzizi mmoja na hami na himaya katika Kiswahili. Kwa hiyo mtu hawezi kudai kwamba mpaka wa Jidda ulisogezwa kwa sababu ya mkanganyiko wa istilahi. Maneno yalikuwa mawili na tofauti, na bado akiba moja iliimeza nyingine. Lugha peke yake hailindi ardhi. Inachoweza kufanya ni kumwezesha msomaji kuona kinachoamuliwa, na hapa Kiswahili chetu kinahitaji kazi.

Chukua neno endelevu. Limeundwa kwa kitenzi endelea na kiambishi -vu, sawa na vumilia na vumilivu, sikia na sikivu. Kiambishi hicho hutaja hulka ya mtendaji: msikivu ni mwenye tabia ya kusikia. Endelevu basi ni chenye hulka ya kuendelea. Maendeleo nayo yametokana na kitenzi hichohicho. Tunaposema maendeleo endelevu tunasema, kwa hesabu ya mofolojia, kuendelea kunakoendelea. Kiarabu kinatumia mustadama, kutoka mzizi uliotupatia dumu, kudumu na daima. Humo mna wazo la kitu kinachofanywa kidumu, na mara moja mtu huuliza: kipi? Baadhi ya waandishi wa Kiswahili waliwahi kutumia maendeleo ya kudumu. Sina nia ya kupendekeza turudi huko, maana istilahi iliyokwisha kukaa vinywani haiondolewi kwa makala. Hoja ni kwamba endelevu linaweza kuelezea uzalishaji wa mafuta usiokatika kwa usahihi uleule linavyoeleza uwanda wenye choroa.

Kitenzi vuna nacho kimeingia katika habari za nishati: tunasoma kuhusu kuvuna gesi, kuvuna mafuta. Kinachovunwa, katika maana ya mkulima, hupandwa tena msimu ujao. Mafuta hayapandwi. Tafsida hii imepita bila kupingwa, pengine kwa sababu inapendeza masikioni.

Kipimo cha falaji

Kaskazini mwa Oman kuna mfumo wa ulinzi wa mali ya asili uliodumu kwa muda mrefu kuliko dola yoyote ya eneo hilo. Falaji ni mfereji, mara nyingi wa chini kwa chini, unaoyatoa maji milimani na kuyapeleka mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Takriban falaji 3,000 bado zinatumika, na tano kati yake, ikiwemo Falaji Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, yaani mwaka mmoja kabla ya hifadhi ya choroa kufutwa.

Tofauti kubwa ni namna ulinzi unavyotamkwa. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda. Kizio chake ni athar, takriban nusu saa, ambacho zamani kilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Kila familia inajua ina athar ngapi na saa ngapi zamu yake inafika. Msimamizi huitwa wakil, nasi tunamjua neno hilo kwa jina la wakili. Ardhi inayozunguka chanzo huitwa harim, neno la ukoo mmoja na haramu: ni eneo ambalo mtu haruhusiwi kuchimba kisima kingine. Serikali ya kisasa haikuifuta kanuni hiyo, bali iliipa tarakimu. Baada ya amri ya mwaka 1988 iliyoyatangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, kanuni zilikataza kuchimba visima ndani ya kilomita 3.5 kutoka kisima mama cha falaji.

Falaji hazikunusurika zote. Pampu za mashine zilizoenea tangu miaka ya 1970, zilizonunuliwa kwa neema ileile ya mafuta, zilishusha maji ya ardhini, baadhi ya mifereji ikakauka, na katika pwani ya Batina maji ya chumvi yaliingia visimani. Hata hivyo mtu anayetaka kusogeza harim ya falaji inayotiririka anakutana na wenye hisa wanaojua kwa nusu saa watakachopoteza. Jidda haikuwa na watu wa kuhesabu hivyo, au tuseme ilikuwa nao, Waharasis, lakini hesabu yao haikuandikwa popote.

Inafaa kukumbuka kwamba neno athari ndilo tunalolitumia katika Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kwa mkulima wa Nizwa athar ni kipimo. Katika nyaraka zetu athari mara nyingi ni sifa tu: ndogo, ya wastani, kubwa.

Matete na jua

Oman haikukaa bila kujitahidi. Ilianzisha wizara ya mazingira mwaka 1984, miongoni mwa za kwanza katika ulimwengu wa Kiarabu, na tuzo ya UNESCO yenye jina la Sultani Qaboos kwa ajili ya uhifadhi wa mazingira ipo tangu mwaka 1989. Huko Nimr, kusini mwa nchi, maji machafu yanayopanda pamoja na mafuta, ambayo ni mengi kuliko mafuta yenyewe, hupitishwa katika mashamba makubwa ya matete yanayoyasafisha. Zaidi ya mita za ujazo 100,000 hupita humo kila siku kwa mteremko, pasipo nishati ya kuyasukuma chini ya ardhi kama ilivyokuwa, na ndege wahamao hutua mahali ambapo zamani palikuwa jangwa tupu. Huo ni mradi mzuri na unastahili kuigwa.

Karibu na hapo, Amal, vioo vilijengwa ndani ya vibanda vya kioo ili kukusanya joto la jua na kutengeneza mvuke. Mvuke huo huingizwa ardhini kulainisha mafuta mazito ili yatoke. Gesi iliyokuwa ikichomwa kwa kazi hiyo huokolewa. Je, hii ni nishati endelevu? Jua ni endelevu bila shaka. Kinachoendelezwa kwa jua hilo ni umri wa kisima. Mwezi Oktoba 2022 Oman ilitangaza lengo la kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa ifikapo mwaka 2050, na mshauri wa sera anayeusoma mradi wa Amal kando ya lengo hilo atahitaji neno kali zaidi kuliko endelevu ili aeleze uhusiano wa mambo hayo mawili.

Nyaraka za majirani

Mambo haya yanatuhusu sasa. Mafuta ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, yanatazamiwa kusafiri kwa bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, likipita mikoa minane ya Tanzania. Baadhi ya visima vya mradi wa Tilenga vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison. Akiba mbili, ardhi moja. Nchini Kongo, Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliponea chupuchupu pale kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitafuta mafuta humo iliposimamisha shughuli zake mwaka 2014. Tanzania yenyewe ilikwisha kuligusa suala hili katika Pori la Akiba la Selous: mwaka 2012 sehemu iliyo chini ya asilimia 1 ya eneo la urithi ilitolewa ili madini ya urani yachimbwe. Tofauti na Oman, Tanzania iliomba kwanza, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikakubali. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo na bado akatambua kwamba kuomba kulilazimisha hoja ziandikwe na zisomwe na wengine.

Nyaraka za miradi hii huandikwa kwa Kiingereza kwa kurasa nyingi mno, kisha muhtasari wa kurasa chache hutafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wananchi. Muhtasari huo ndio maandishi pekee ambayo wakazi wengi wa njia ya bomba watayaona. Mfasiri, aghalabu mtu mmoja mwenye siku chache na malipo haba, hukutana humo na istilahi tatu au nne za Kiingereza na kuzirudisha zote kwa akiba na endelevu. Matokeo yake ni maandishi ambayo kila kitu humo kinaendelea na kila kitu ni akiba, na msomaji hawezi kujua kipi kitamtangulia kipi siku ya mgongano.

Vyombo vya Kiswahili vya nchi wanachama, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vinaweza kulishughulikia jambo hili bila kungoja sheria mpya. Akiba lingeachiwa ardhi na wanyama, na yaliyomo ardhini yakaitwa hazina ya mafuta, kwa kuwa hazina tangu hapo ni kitu kinachofunguliwa na kutumika. Athari isiandikwe bila kipimo pale kipimo kipo: mita, lita, miezi, idadi ya kaya. Na endelevu lisiruhusiwe kusimama peke yake. Sentensi isemayo kwamba mradi utatekelezwa kwa njia endelevu irudishwe kwa mwandishi wake, na isipokelewe hadi itakapotaja kitu kitakachobaki, umbali wake kutoka kisimani au bombani, na ofisi ambayo mkazi wa Buliisa au wa Chongoleani ataiendea mpaka ukisogezwa.